Keith Hudson na kanda ya mjomba

Nina deni kwa marehemu mjomba wangu, na deni lenyewe ni la dakika kama 35. Si deni la pesa. Ni sauti yake niliyoifuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikarekodi muziki juu yake. Muziki huo ulikuwa wa Mjamaika mmoja aitwaye Keith Hudson, ingawa siku ile sikujua jina lake, na ilinichukua miaka kumi na tano kulijua.

Waliokulia pwani miaka ya 1980 watakumbuka barua za kanda. Ndugu yako yuko Muscat au Dubai, kuandika hana subira nako, simu kwenu haipo na hata ingekuwepo ni ghali. Basi usiku akishatoka kazini anakaa na redio yake, anabonyeza kitufe chekundu, anaanza kuzungumza. Kanda anapewa msafiri, msafiri anafika Dar au Unguja, anampa mwingine, na siku moja mtoto wa jirani anapiga hodi ana kibahasha mkononi.

Kwetu Ngamiani, Tanga, kibahasha kikifika kazi zote zilisimama. Mjomba alikuwa fundi wa magari. Aliondoka mwaka 1986, na baada ya kuhangaika hapa na pale akatulia kwenye gereji moja Ruwi, pale Muscat. Hakupata shida ya lugha sana, maana Kiswahili alikisikia mpaka dukani, kwa wale Waomani waliotoka Unguja na bara na kukihifadhi majumbani mwao. Lakini kusikia Kiswahili dukani si sawa na kumsikia mama yako. Kanda ilikuwa ndiyo kikao chake na mama yake.

Ilianza hivi kila mara: "Mama, shikamoo." Na bibi yangu, aliyeketi kwenye mkeka karibu kabisa na redio, alikuwa anaitikia kwa sauti: "Marahaba, mwanangu." Hakuwa anatania. Mjomba akiuliza kama mguu bado unauma, Bibi alijibu kwamba unauma, hasa asubuhi, na ile dawa aliyoleta fulani haijasaidia kitu. Mjomba naye, kwa kumjua mama yake, aliacha nafasi kidogo kabla ya kuendelea. Sisi watoto tulikuwa tunacheka, tunafinywa, tunanyamaza.

Kanda ilikuwa inakwenda na kurudi. Hili ni muhimu kwa ninayotaka kuyaeleza. Bibi hakununua kanda mpya ya kujibia. Alirekodi majibu juu ya maneno ya Mjomba, kanda ikapanda ndege kurudi Muscat, na Mjomba akarekodi juu ya maneno ya Bibi. Wenyewe walikuwa wanafutana hivyo kwa miaka mitano, kwa mapenzi kabisa.

Kanda ya mwisho ilifika mwaka 1991. Ilikuwa ya dakika 90, pande zote mbili zimejaa maneno, kwa sababu Mjomba alikuwa amefikiria kurudi na alikuwa na mipango mingi ya kueleza. Bibi aliisikiliza mara mbili. Akasema atajibu akipatikana msafiri. Kanda ikawekwa juu ya kabati.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana aliyewahi kuzamia meli pale bandarini, akapotea miaka kadhaa, akarudi na rasta mpaka mabegani, hana pesa ila ana boksi la viatu limejaa kanda za rege. Wote tulimwita Baharia. Jioni moja aliniazima kanda moja, isiyo na jalada wala jina, kwa masharti kwamba kesho asubuhi aikute mlangoni kwake. Rafiki yangu alikuwa na redio ya deki mbili nyumbani kwa kaka yake. Nilichokosa ni kanda ya kurekodia.

Nikapiga hesabu zangu. Upande B Bibi ameshausikia mara mbili. Akipatikana msafiri utafutwa tu. Nikaichukua kanda juu ya kabati, nikairekodi, nikairudisha. Naapa sikuona kosa lolote. Nilidhani najipatia muziki wa bure kwa wiki mbili tatu.

Msafiri hakupatikana. Kilichofika ni taarifa kwamba Mjomba ameanguka kazini na amezikwa siku ileile, kulekule.

Siku ya arobaini, watu waliposoma khitma na kula na kutawanyika, wakabaki wa nyumbani, Bibi akasema: "Niwekeeni ile kanda." Tukamwekea upande A. "Mama, shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Hakuna aliyecheka safari hii. Dakika 45 zikaisha, redio ikajifyatua kwa kishindo, Bibi akasema: "Geuza."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na redio. Nikageuza.

*

Naomba nieleze kwanza kilichosikika, maana hapo ndipo Keith Hudson anapoingia nyumbani kwetu.

Kwanza bezi. Bezi nzito, inayotembea polepole kama mtu anayebeba gunia. Ngoma zikaifuata, kavu, karibu sana na sikio. Gitaa likaingia mara moja, likakatwa, mkia wake ukabaki unajirudia mpaka ukafifia. Kisha kile kinanda kidogo cha kupuliza, melodika, kikalia kwa mbali kama kinatokea nyumba ya tatu. Hakuna aliyekuwa anaimba. Ila kila baada ya muda, bila taarifa, sauti ya mtu ilichomoza, neno moja au nusu ya neno, mwangwi ukaibeba, ikapotea.

Ilipochomoza mara ya kwanza, Bibi aliinua mkono. "Nyamazeni." Alidhani ni yeye.

Mama yangu alinitazama, akajua. Kaka akanyoosha mkono azime, Bibi akamzuia. Tuliusikiliza muziki ule wote, sebule nzima, wazee kwa vijana. Kila sauti ilipochomoza na kuzama, nilimwona Bibi akisogeza kichwa chake karibu na spika. Kisha muziki ukaisha, pakawa na mkwaruzo, na ghafla tukamsikia Mjomba yuko katikati ya sentensi: anagawa nguo alizotuma, gauni hili la fulani, shati hili la fulani, na anaahidi kwamba safari ijayo mizigo ataileta mwenyewe. Dakika kama tisa. Kanda ikamkatia njiani, hakumaliza.

Bibi aliuliza swali moja tu: "Na huyu aliyekuwa anapigapiga hapa katikati, naye ni nani?"

Hakuna aliyejua. Hata Baharia hakujua. Kanda alipewa na baharia mwenzake. Kipigo nilikipata kwa mama yangu, cha haki, lakini jibu la Bibi sikuwa nalo. Nililipata mwaka 2006, Dar, pale mfanyakazi mwenzangu alipowasha kompyuta yake mchana wa Ijumaa na ile bezi ikatoka kwenye vispika vyake vidogo. Nilisimama kama nimepigwa na umeme. Nikamuuliza hii ni nini. Akasema: "Pick a Dub. Keith Hudson. Hujawahi kuisikia?"

Nikamwambia nimewahi.

*

Basi huyu ndiye aliyekuwa anapigapiga katikati.

Keith Hudson alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1946, mwaka mmoja nyuma ya Bob Marley. Alijifunza ufundi wa meno, na pesa ya meno ndiyo iliyolipia saa zake za studio. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzisha lebo yake, Inbidimts, na wimbo "Old Fashioned Way" aliomtayarishia Ken Boothe ukafika namba moja nchini mwake. Kijana mdogo tu, na ameshakuwa prodyuza wa kuheshimika. Wakafuata Delroy Wilson, John Holt, Dennis Alcapone.

Mdundo wa "Old Fashioned Way" hakuuacha ulale. Alimpa U-Roy, akachana juu yake, ukatoka wimbo mwingine, "Dynamic Fashion Way". Wajamaika ndivyo walivyofanya kazi, na bado wanafanya: mdundo mmoja unaweza kuzaa nyimbo kumi. Unatoa sauti ya mwimbaji, unaweka ya mwingine. Au unatoa sauti zote, unaacha bezi na ngoma, unachezea mwangwi, na hicho wanakiita dabu. Kumbe kurekodi juu ya mwenzako, dhambi yangu ya mwaka 1991, kule ni ufundi unaoheshimiwa.

Mwaka 1972 alimrekodi kijana mwingine, Big Youth, ambaye kabla ya umaarufu alikuwa fundi wa mitambo. Wimbo ni "S.90 Skank", na S.90 ni pikipiki ya Honda. Hudson alitaka pikipiki isikike, basi pikipiki ikaingizwa studio na kuwashwa mbele ya maikrofoni. Ukiusikiliza leo, unaisikia inavyonguruma. Nikiusikia namkumbuka Mjomba, ambaye angeweza kukwambia kwa mlio tu kwamba injini hiyo kabureta yake inataka kusafishwa.

Kwa hiyo huyu alikuwa mtu aliyejipanga nyumbani kwao. Ana lebo, ana wasanii, ana mafanikio, anajulikana. Kisha akaondoka.

Kufikia mwaka 1974 kazi zake kubwa zilikuwa zinatoka London. Mwaka huo ulitoka *Pick a Dub*, moja ya albamu za mwanzo kabisa za dabu, bezi na ngoma zikiwa mikononi mwa ndugu wawili wa ukoo wa Barrett, walewale waliompigia Bob Marley. Mwaka huohuo ikatoka *Flesh of My Skin, Blood of My Blood*, na hapo hakuna Ken Boothe wala Big Youth. Anaimba Hudson mwenyewe.

Niseme wazi: sauti yake si nzuri. Wanaompenda tunalijua hilo. Ni sauti kavu, inayokwaruza, haipandi pale unapoitegemea ipande, wakati mwingine inakosa noti na haijali. Anaimba kama mtu anayezungumza peke yake jikoni usiku akidhani wenzake wamelala. Alishajaribu kuimba akiwa bado na mguu mmoja Kingston, katika albamu ya *Furnace* ya mwaka 1972, lakini pale alichanganya nyimbo zake chache na kazi nyingine. Katika *Flesh of My Skin* hana pa kujificha. Albamu inafunguka kwa "Hunting", ngoma za mkono za Kirasta na watu kama wako msituni, na kuanzia hapo mpaka mwisho inasikika kama kitu kimoja, si mkusanyo wa nyimbo. Hata wimbo wa Bob Dylan, "I Shall Be Released", akiuimba yeye unageuka malalamiko ya mtu aliyefungiwa baridini. Si bure wapenzi wa rege walimpachika jina la Mwanamfalme wa Giza.

Mambo hayakumnyookea. Mwaka 1976 Virgin, kampuni kubwa ya London, ilitoa albamu yake *Too Expensive*, akijaribu kuuvuta muziki wake upande wa soul. Haikupokelewa vizuri. Mwaka huohuo akahamia New York, akaanza upya na lebo yake ndogo iliyoitwa Joint. Mwaka 1978 akatoa *Rasta Communication*, ambayo kwangu mimi ndiyo kilele chake, na kabla yake, mwaka 1977, alishatoa *Brand*, ambayo ni midundo ya kazi hiyohiyo katika dabu. Yaani mwangwi ulitangulia, sauti ikafuata. Katika *Rasta Communication* mna wimbo uitwao "I Broke the Comb", kuvunja kitana, jambo ambalo mwenye rasta yeyote wa Ngamiani angelielewa bila kuelezwa.

Tarehe 14 Novemba 1984 alifariki huko New York kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na miaka 38. Marley alishatangulia mwaka 1981, naye kwa saratani, akiwa na 36. Marley alirudishwa kwao akazikwa kama mkuu wa nchi. Hudson, dunia haikusimama.

*

Ukisoma habari za Hudson kwenye majarida na majalada ya santuri, utakutana na simulizi moja inayojirudia: alikuwa prodyuza mkubwa Kingston, akahama, akapotea. Angebaki nyumbani angekuwa mwenzao kina Coxsone Dodd. Nilipoisoma mara ya kwanza niliikubali haraka sana, na nadhani najua kwa nini. Ndivyo tulivyomsema Mjomba msibani. Angebaki. Gereji za Tanga zilikuwepo. Nani alimtuma Muscat?

Wahenga wa pwani wametuachia methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo kina nyuma na mbele, unaweza kuzunguka unavyotaka, mwisho utarudi palepale katikati. Ni methali nzuri na tunapenda kuwaimbia wasafiri. Lakini haisemi lolote kuhusu wale ambao hawakurejea. Hao tunawaweka wapi? Mara nyingi tunawaweka kwenye kundi la waliopotea, tunafunga hesabu.

Nimesikiliza kazi za Hudson kwa miaka mingi sasa, za Kingston na za ughaibuni, na simulizi hiyo siikubali tena. Kingston alikuwa bosi wa sauti za watu wengine. Alikuwa na waimbaji bora mlangoni, kila mmoja na koo la dhahabu. Ya nini aimbe yeye mwenye koo la bati? London na New York foleni ile haikuwepo. Alibaki na kanda za midundo, na koo lake. Akalitumia. Sidhani kama *Flesh of My Skin* au *Rasta Communication* zingepata kusikika kama angebaki nyumbani kwenye raha yake. Zilihitaji mtu aliyepungukiwa.

Sisemi kwamba uhamaji ni neema. Nimeona gharama yake kwenye mkeka wa Bibi. Ninachosema ni kwamba aliyehama hakuacha kuishi siku alipotoka machoni mwetu. Tulizoea kuyahesabu maisha ya Mjomba kwa kanda zilizotufikia, kana kwamba kati ya kanda na kanda alikuwa amezimwa kama redio.

Kuna jambo jingine la Hudson linalonigusa zaidi ya yote. Mwaka 1981, yuko New York, miaka mitatu kabla ya kufa, alitoa albamu iitwayo *Playing It Cool & Playing It Right*. Midundo mingi ya humo si mipya. Ni ya zamani, aliyokuwa nayo kwenye kanda zake, akaichukua, akaizamisha kwenye mwangwi mzito kiasi kwamba huioni chini yake, akaimba upya juu. Unaweza kusema hakuwa na pesa za kukodi wanamuziki, na huenda ni kweli. Lakini sikiliza vizuri. Mtu wa miaka 35, mbali na kwao, anaweka kanda ya ujana wake, anasubiri bezi iingie, kisha anaizungumzisha kwa sauti aliyonayo sasa. Mimi nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Anaitikia shikamoo.

*

Baada ya arobaini, ile kanda haikurudi juu ya kabati. Bibi aliifunga kwenye leso yake na kuilaza chini ya mto. Nilitegemea anichukie. Hakunichukia, au kama alinichukia alilificha vizuri.

Alichofanya ni kuzijaza zile dakika yeye mwenyewe. Alikuwa ameusikia upande B mara mbili kabla sijaufuta, na aliyekuwa anajua kilichosemwa mle ndani ni yeye peke yake. Akawa anatueleza. Mwanzoni yalikuwa mambo machache: kwamba Mjomba alitaka kununua kiwanja Raskazone, kwamba alimsalimu fulani. Miaka ilivyokwenda, maneno yakaongezeka. Ilikuwa tukifanya uamuzi wowote mkubwa nyumbani, Bibi hukohoa kidogo na kusema, "Mjomba wenu alilisema hili kwenye kanda." Alisema nisome. Alisema dada asiolewe na yule. Alisema paa libadilishwe kabla ya masika. Mpaka Bibi anafariki, kwenye zile dakika 35 Mjomba alikuwa amesema maneno ya kujaza kanda kumi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyembishia. Mimi ndiyo kabisa, ningebisha kwa mdomo gani? Na ukweli ni kwamba ushauri wa Mjomba ulikuwa mzuri kuliko alivyokuwa anatoa alipokuwa hai.

Sikuwahi kumwambia Bibi jina la Keith Hudson. Mwaka 2006 nilipolipata, alikuwa bado yupo, mzee sana, macho yameshaondoka. Nilipokwenda Tanga Idi nilikusudia kumwambia. Nikafika, nikamshika mikono, nikasema shikamoo Bibi, akaitikia marahaba, na maneno yakaniishia. Ningesema nini? Kwamba yule aliyekuwa anapigapiga alikuwa fundi wa meno wa Jamaika? Kwamba yeye naye aliondoka kwao kutafuta, akafia ugenini akiwa bado kijana? Nilijiambia nitamwambia safari ijayo. Safari iliyofuata nilikwenda kuzika.

Mwaka 1994 lebo moja ya Manchester, Blood and Fire, iliitoa upya *Pick a Dub*, na baadaye Wajerumani wawili wa Berlin wakatoa upya kazi zake nyingine. Ndipo wapenzi wapya wakamjua, na waandishi wakaandika kwamba Hudson amefufuliwa. Sawa. Lakini miaka mitatu kabla ya Manchester, nakala yake ilikuwa tayari inapigwa Barabara ya 8, na mwanamke asiyejua Kiingereza wala rege alikuwa ameiwekea sikio kwa makini kuliko mhakiki yeyote, akiwinda kila sauti inayochomoza.

Kanda ninayo mimi sasa. Mwaka juzi niliogopa itakatika, nikaipeleka kwa kijana mmoja Kariakoo anayehamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta. Aliweka vipokea sauti masikioni, akasikiliza upande A, akatikisa kichwa kwa heshima kama anayesikiliza mazungumzo ya watu. Akageuza upande B. Baada ya muda akavua.

"Mzee, huku kuna muziki umeingilia. Nikuondolee? Nikukatie pale mwishoni anapoongea, niunganishe na upande wa kwanza, iwe safi?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia aache hivyohivyo, pande zote mbili, asikate kitu.